Kamustari ka Chini

Raisa alikuwa anakula karanga huku anasoma Watsapu kwa sauti. Kwake yeye habari ambayo haijasomwa kwa sauti bado haijafika. Riziki alikuwa kwenye ordinateri, ile kompyuta ya sekretaria yao ya kupigisha barua, anapiga barua ya mtu anayeomba kiwanja, na mguu wake wa kulia ulikuwa unatikisika chini ya meza kama unasukuma charahani isiyokuwepo. Ndivyo alivyo Riziki. Hata akilala, mguu unaendelea na safari.

"Komite ya mwalo inajulisha wote," Raisa akasoma, akatema ganda. "Leo kabla ya adhuhuri, wavu zilizokamatwa zitachomwa moto palepale mitumbwi inapolala. Ya kwanza, ile ya Mwasiti, tundu milimita nane..."

Mguu ukasimama.

"Rudia hapo."

"Nirudie nini? Mwasiti. Si ni mama yako mudogo?"

"Nane iko halali, Raisa! Mimi mwenyewe nilipiga ile tangazo. Nane na kuendelea."

Raisa akapandisha ujumbe kwa kidole mpaka akafika kwenye tangazo la wiki mbili nyuma, akamgeuzia simu. "Soma, weye uliyeenda université."

Riziki akasoma: *Wavu za ndagala zinazokubaliwa: tundu > 8 mm. Zingine zote zitachomwa.*

Akasoma tena, ameisogeza simu mpaka inagusa pua. Kale kamdomo ka alama ya kuzidi kalikuwepo, kamefunguka upande wa kushoto kama kawaida. Lakini chini yake hapakuwa na kitu. Kamustari hakapo. Na bila kale kamustari, nane inakosa ruhusa, lazima tundu lizidi nane. Wavu wa nane kamili unabaki nje, kama mgeni aliyefika saa ileile mlango unafungwa.

Sasa ujue, Riziki alisoma hesabu miaka mitatu Bujumbura. Ilibaki kidogo apate diplome, halafu akarudi Rumonge na begi moja na hadithi tano tofauti za kwa nini amerudi. Alama ile aliijua kama anavyojua jina la baba yake: kubwa kuliko, au sawa. Tena alijua inapokaa mu ordinateri. Unafungua pale pa kuingiza alama, unapekua katikati ya vidude vya Kigiriki, unaiona, unabonyeza, basi.

Lakini mu sekretaria za pale mjini hakuna anayepekua. Raisa alijifunzia kazi kwenye mashine ya zamani, ile ya chuma. Ukitaka alama hiyo, unapiga >, unarudi nyuma nafasi moja, unapiga mstari chini yake. Ordinateri ilipokuja, ujanja ukahamia humo. Unapiga >, unaitilia mstari wa chini kama unavyotilia kichwa cha barua, na kwenye karatasi hakuna atakayejua tofauti. Mswada wa tangazo aliuleta mwalimu Revokatus, sekretari wa komite, baada ya mkutano wa mialo yote uliofanyika Kabonga. Na mwalimu wa hesabu hawezi kuandika "nane na kuendelea" kama watu. Aliandika ≥.

Siku ile Riziki alikuwa na haraka. Alitaka kugeuza skrini ya Raisa kichwa chini kabla hajarudi kutoka sokoni. Akapiga >, akaitia mustari, akaimprime, karatasi ikatoka, akamaliza. Skrini ikageuzwa. Raisa akashinda mchana kutwa anafanya kazi shingo imelala begani, na Riziki akacheka mpaka akaenda kukaa nje.

"Na mu Watsapu nani aliituma?" Riziki akauliza. Jibu alishalijua.

"Si mimi? Prezida Asmani aliniambia, Raisa, itie na mu grupe, watu hawasomi ukuta. Nikakopi, nikakole, nikaibandika mu grupe."

"Ukakole mudomo, mustari ikabaki kwa ordinateri."

"Mustari gani?"

"Ya chini! Watsapu haibebi mustari. Inabeba herufi, zingine inatupa njiani."

"Sasa mimi ningejuaje? Weye ndiye ulienda kusomea mustari."

Riziki akatazama mlango. Alikuwa anamwona mama yake mudogo siku ile amesimama mlangoni hapo, mikono imeshika kitenge. Mwasiti ni mjane, ana mtumbwi na watu wanne wanaomvulia ndagala, dagaa wa ziwani. Wavu wake wa zamani ulikuwa umechoka. Wenzake wa mwalo walishanunua wa milimita kumi tangu mwaka jana, yeye akangoja sheria itoke, aambiwe na mutoto wake aliyesoma. Na mutoto wake aliyesoma akamwambia, karatasi ingali moto kutoka kwenye mashine: "Nane ruksa, mama mudogo. Chukua nane, ndagala hazitakutoroka." Mwasiti akauza kashamba kake ka mawese kule mlimani. Wavu ukaja, wa nane kamili, na kikaratasi cha kiwanda bado kinaning'inia.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na robo.

"Sahihisha sasa hivi," Riziki akasema. "Tuma mu grupe."

"Tuma weye."

"Mimi si walinitoa?"

Walimtoa kwenye grupe, na walikuwa na haki. Mwaka uliopita Riziki alipiga tangazo zuri sana, lenye kichwa na namba ya kumbukumbu, kwamba kila mtumbwi unaoenda ziwani ufunge vioo viwili vya kutazama nyuma, kama pikipiki. Alitegemea watu watacheka. Watu watatu wakafunga vioo. Mmoja wao alikuwa Asmani, prezida wa komite, na alivuka navyo mbele ya mwalo mzima.

Raisa akampa simu, uso umekunjamana. Riziki akafungua ukurasa wa alama, akabonyeza > akaishikilia, akangoja. Kikatoka kidirisha kidogo juu ya kidole, na ndani yake, katikati ya wenzake, ≥ imekaa imetulia na mustari wake chini. Sekunde moja. Kazi yote ilikuwa ya sekunde moja. Akapiga: *Samahani, ilikosewa. Tundu ≥ 8 mm. Nane INARUHUSIWA.* Akatuma.

Watu wa grupe hawakungoja. Vikaanza kudondoka vile vikaragosi vinavyocheka mpaka machozi, kimoja, vitatu, tisa. Halafu mtu akaandika: *Riziki toka mu simu ya Raisa.* Mwingine: *Na vioo tufunge vingapi?*

Prezida Asmani hakuandika kitu.

"Twende," Riziki akasema.

"Na barua ya mwenye kiwanja?"

"Kiwanja haichomwi!"

Akatoka mbio. Raisa nyuma, simu mkono mmoja, karanga mkono mwingine. Walipita kwa wauza mawese, wakaruka madumu ya njano, wakakata kwenye vitanda vya ndagala zilizoanikwa, mama mmoja akawatukana kwa Kirundi na Riziki akamjibu murakoze, asante, bila kugeuka. Kila alipokutana na mtu anayemjua, mtu yule alianza kucheka kabla hajasikia lolote. Hilo alikuwa halijui, au alikuwa hajawahi kulitazama: watu wanamcheka kabla.

Moshi haukuwa umeanza. Hilo lilimpa pumzi.

Nyavu mbili zilikuwa zimetupwa mchangani. Moja ilikuwa ya kutoboka, ya tundu ndogo za kuvulia watoto wa samaki, na mwenyewe hakuonekana. Juu ya nyingine alikuwa amekaa Mwasiti, miguu ameinyoosha, kama kuku juu ya mayai. Kijana wa komite alisimama kando na kopo la mafuta ya taa, hajui atazame wapi. Watu kama thelathini wamezunguka. Asmani alikuwa katikati, mnene, kofia ya kufuma kichwani, ameshika kipande cha nondo kilichofungwa kamba nyekundu.

"Mama Mwasiti, nakuomba kwa heshima. Inuka."

"Siinuki."

"Tutakuinua."

"Niinue weye peke yako, Asmani, tuone kama mugongo utarudi nyumbani."

Watu wakacheka. Asmani naye alikaribia kucheka, akajizuia. Hapo ndipo akamwona Riziki anakuja huku mikono inapunga, na uso wake ukafunga kabisa.

"Ehee. Amefika mwenye vioo."

"Prezida, shikamoo. Prezida, nisikie dakika moja. Tangazo iko na kosa. Mustari ilianguka. Kwa karatasi iko, kwa Watsapu haiko, kwa sababu niliweka mustari ya chini badala ya kuweka alama yenyewe, na Raisa alipokopi..."

"Polepole."

"...ikabaki mudomo tu, na mudomo bila mustari ni kuzidi, na mudomo na mustari ni kuzidi ao sawa, na ile ya mama mudogo ni sawa!"

Asmani akawatazama watu. "Mumeelewa?"

"Hapana!" wakajibu kwa pamoja, kama darasani.

"Nimetuma mu grupe sasa hivi. Tazama simu yako."

Asmani akatoa simu yake mfukoni, kale kasimu ka vibonye kanakobeba Watsapu kwa kuhema. Akaiweka mbali na macho, akaisogeza karibu. "Naona tundu. Naona sanduku. Naona nane."

"Sanduku gani?"

Riziki akachungulia. Pale palipotakiwa kuwa na ≥, kasimu kalikuwa kameweka kisanduku kitupu, pembe nne, hakuna kitu ndani. Alama hakakuijua, kakachora nyumba yake bila mwenye nyumba.

"Umeniletea sanduku tupu," Asmani akasema. "Kwanza vioo, leo sanduku. Kesho utatuletea kitanda."

Mara hii kicheko kilimuuma Riziki. Joto likampanda masikioni. Jua lilikuwa karibu kufika katikati, na kijana wa mafuta ya taa alishafungua kopo, harufu imeanza kutembea.

"Karatasi," Riziki akasema. "Ile ya ukutani! Mustari iko!"

"Niliiona asubuhi," Asmani akasema. "Mustari iko, kweli. Lakini nani ameiweka? Mustari mtu anachora na kalamu. Weye nakujua, na kalamu yako naijua."

"Basi pigia mwalimu Revokatus. Yeye ndiye aliandika."

Revokatus alikuwa Kabezi, msibani. Raisa akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikalia, ikalia. Ikapokelewa. Nyuma kulikuwa na watu wanaimba.

"Allô? Mwalimu, hapa mwaloni, Riziki. Ile tundu ya wavu, nane iko ndani ao iko inje?"

"Nane?" Sauti ilikuja na kukatika. "Nane... ndani, ndiyo... au sawa na... niko kwenye mazi..." Ikakata.

Riziki akawageukia wote, mikono amefungua. "Mumesikia!"

Halafu mzee mmoja wa mitumbwi akakohoa. "Ile sauti," akasema taratibu, "mwezi wa Ramadhani ilitupigia ikatuita mukutano. Tukakaa pale shuleni saa mbili nzima. Mwalimu mwenyewe alikuwa nyumbani analala."

Hiyo pia alikuwa ni Riziki. Sauti ya Revokatus aliiweza vizuri kuliko Revokatus mwenyewe. Wakati ule aliona ni kazi ya kujivunia.

"Si mimi! Mimi nimesimama hapa, mudomo yangu munaiona!"

"Umepanga na mwenzako," Asmani akasema, na sasa hakuwa na mzaha. "Riziki. Mimi sina ubaya na mama yako mudogo. Lakini nikimwachia kwa sababu ya maneno yako, kesho kila mtu ataleta mupwa wake aseme mustari ilianguka. Komite itakuwa nini? Sheria imetoka Kabonga, si kwangu. Choma ile mbovu kwanza."

Kijana akamwagia mafuta ule wavu wa kutoboka, akawasha. Nailoni ikajikunja, ikalia, moshi mweusi ukainuka na kuelekea ziwani. Mwasiti aliutazama ule moshi. Halafu akamtazama Riziki. Hakumlaumu wala hakumuita. Alimtazama tu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni.

Mdomo wa Riziki ukafunguka kuanza tena. Alikuwa na maneno mengi, yalikuwa yanasukumana. Na kila neno, akaona, lingekuwa kuni. Akaufunga. Mguu wake ukaanza kutikisika mchangani. Akaukanyaga kwa mguu mwingine.

"Mama mudogo," akasema kwa sauti ndogo, "walikukamata namna gani?"

"Namna gani? Walipima na kile chuma. Kikapita. Asmani akasema, hii iko nzuri. Halafu akaona kakaratasi ka kiwanda, akasoma nane, akaniuliza, hii ni nane? Nikasema ndiyo, ni nane, niseme uongo?"

Riziki akageuka polepole. Akakitazama kile kipande cha nondo mkononi mwa Asmani kama hajawahi kuona chuma maishani.

"Prezida. Hicho kitu, nani alikupa?"

"Kidole hiki cha kupimia? Walitupatia kule Kabonga. Kila mwalo, kimoja. Na kamba yake."

"Unene wake?"

"Nane. Imeandikwa hapa, imegongwa."

Riziki alikuwa karibu kulipuka. Maelezo yote yalikuwa kwenye ulimi, yamejipanga vizuri, na yangetoka yangekufa. Akameza. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa chini mchangani, akaweka mikono juu ya magoti.

"Mimi sisemi tena," akasema. "Nakuomba kitu kimoja. Ingiza kidole mu wavu ya mama mudogo, watu waone. Halafu ingiza mu wavu ya kumi. Yako ni ya kumi, iko palepale. Basi."

Asmani alimtazama muda, anatafuta mtego uko wapi. Mtego hakuuona. Akainama, akavuta pembe ya wavu kutoka chini ya Mwasiti, akasukuma nondo. Iliingia kwa kubana, kama mguu mu kiatu kipya, lakini ikaingia, ikatokea upande wa pili. Akaenda kwenye mtumbwi wake, akaingiza kwenye wavu wake mwenyewe. Ikapita inacheza.

"Zote zinapita," akasema.

Riziki akanyamaza. Jasho lilikuwa linamtoka kama anayebeba gunia.

"Zote zinapita," Asmani akarudia, sasa anajisemea. Akakigeuza kile chuma. Akakitazama kwenye mwanga. "Wavu mbaya, hiki hakipiti. Ile iliyoungua hakikupita. Hii ya nane kinapita. Kama walitaka nane ikamatwe..."

"Wangetupa cha tisa," akasema yule mzee wa mitumbwi.

"Wangetupa cha tisa," Asmani akasema. Akavua kofia, akajipangusa kichwa. "Kweli kabisa. Hiki chuma hakiwezi kukataa nane. Wakubwa hawawezi kutupatia chuma ya kukubali kitu, halafu karatasi ya kukataa kitu kilekile."

Akampa Mwasiti mkono, na safari hii Mwasiti akakubali kuinuliwa. Mgongo wa Asmani ulilia, watu wakashangilia.

"Chukua wavu yako, mama. Utusamehe." Halafu akamgeukia Riziki aliyekuwa bado chini. "Na weye, hii si kwa ajili ya maneno yako. Ni chuma kimesema."

"Ndiyo, prezida."

"Raisa, andika mu grupe. Kwa maneno! Sitaki mudomo, sitaki mustari, sitaki sanduku. Andika: nane ni halali, nane na kuendelea, amesema Asmani."

Raisa akaandika, anasoma kila neno kwa sauti. Akatuma. Akangoja. Akasoma majibu, na sauti yake ikapungua katikati.

"Wanacheka," akasema. "Wanasema Riziki amejifunza na kuandika kama Asmani."

"Nitapiga simu," Asmani akasema.

"Na sauti yako pia anaiweza," mzee akasema. Ilikuwa kweli, na Riziki akainamisha kichwa.

"Wa hapa watakuja wenyewe waone," Asmani akasema. "Si neno."

"Si wa hapa tu." Raisa alikuwa anaendelea kusoma. "Ile tangazo yangu watu waliisukuma mpaka mwalo wa Kigwena. Mtu wa kule ameandika sasa hivi. *Huku tumekusanya tatu za nane. Tunachoma baada ya swala.*"

Riziki alishasimama. Hata hakujua amesimama saa ngapi. Tatu za nane. Nyavu za watu watatu asiowajua, ambao hawana mupwa aliyesoma hesabu, na tangazo lililowakamata alilipiga yeye kwa vidole hivi, akiharakisha akageuze skrini.

"Naenda," akasema.

"Utawaambia nini?" Asmani akamuuliza. "Kigwena wanakujua. Mmoja wa wale watu wa vioo ni wa kule."

Riziki akageuka. Akamtazama Mwasiti. Mwasiti alikuwa ameshakunja pembe ya wavu wake, anaifunga kwenye kitenge, ile pembe yenye kikaratasi cha kiwanda.

"Asmani, nipe hicho kidole."

"Wao wako na chao, mama."

"Basi nitaazima chao. Nitaweka wavu yangu mbele yao, waingize wenyewe." Akamgeukia Riziki. "Tafuta pikipiki. Weye utalipa, mimi nitasema. Na usifungue mudomo mpaka nikwambie."

"Lakini mama mudogo, lazima mtu awaeleze kwamba..."

"Umeanza."

Pikipiki ikapatikana, wakapanda watatu: dereva mbele, Riziki katikati, Mwasiti nyuma na wavu wake mapajani. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza mjini walipotoka. Ziwa kulia, michikichi ya mawese kushoto, barabara mbele, na goti la Riziki linatikisika mpaka pikipiki nzima inatetemeka.

Dereva akageuza kichwa, tayari anacheka. "Eh, Riziki! Leo umewafanyia nini tena?"

Riziki akavuta pumzi. Kidole kigumu cha Mwasiti kikamchoma ubavuni kutoka nyuma. Akaitoa ile pumzi yote kwa pua, akanyoosha mkono mbele kuonyesha barabara, na dereva akaongeza mafuta.